Baiskeli ya Zulfa na Kilima cha Darajani

Nambambo,
Nachingwea.
Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Ashura,

Assalaam alaykum. Kabla sijakuuliza hali, na kabla hujaanza kuruka mistari kutafuta ubaya uko wapi, nakuambia hapa hapa juu: Zulfa ni mzima. Asubuhi amekunywa uji, amenicheka, ameondoka. Sasa tulia tusalimiane kama watu.

Hujambo wewe? Huko Kibondo kazi zinaendaje? Ule mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kusimama kutwa na wagonjwa umepoa, au ndiyo unajifanya nesi asiyeumwa? Sisi huku wazima kwa uwezo wa Mungu. Mama na miguu yake ile ile, jioni inamuuma, asubuhi ameshaisahau. Juzi alitaka twende naye kuokota korosho, tukamrudisha, akanuna hadi magharibi. Wifi yako Moza hajambo, na ulimi wake ndio hajambo zaidi.

Korosho zimeitika mwaka huu kwa sisi tuliowahi kupuliza dawa. Ule mkorosho wa mwanzo kabisa, wa njiani, aliopanda baba, umebeba mpaka tawi moja limelala chini. Leo watu wote wako shamba wanaokota, mimi tu ndiye niliyebaki nyumbani. Nilimwambia Moza kiuno kinavuta. Akaniangalia, akasema, "Kinavuta kuelekea barabarani." Ni kweli. Leo Zulfa amekwenda shule kwa baiskeli, mara ya kwanza tangu aanguke, na mimi nimekaa hapa barazani na karatasi hii kwa sababu mikono isipopata kazi nitamfuata.

Uliniuliza kwa simu, "Kaka, hiyo baiskeli ina nini hasa?" Mtandao ukawa unakatika, wewe una wagonjwa wanakusubiri, na mimi unanijua, jambo la kuogopesha nikilieleza naanzia mwisho. Zulfa akaninyang'anya simu, akakwambia ameteleza kachubuka goti. Goti alichubuka kweli. Lakini wewe ndiye uliyemzaa, huwezi kuambiwa goti tu.

Baiskeli unaijua, ndiyo ile uliyomletea ya gia, yenye matairi ya kashata, yale ya vinundu vinundu. Hapa kwetu sisi wengine wote ni watu wa Phoenix, baiskeli zisizo na gia. Ilipofika watu walikuja kuiangalia kama wanaangalia mtoto mchanga, huyu anashika breki, huyu anahesabu meno. Mimi niliipenda, ila niliiogopa tangu siku ya kwanza. Kitu chenye vyuma vingi hivyo, nikasema, kina mengi ya kuharibika. Moza akaniambia basi na binadamu je?

Ugonjwa wa baiskeli ulianza baada ya mavuno ya ufuta, na niliusikia mimi kabla ya mwenyewe. Jioni Zulfa anaporudi, akifika kwenye ule mkorosho wa baba akaanza kukanyaga kupanda kuja nyumbani, nyuma panalia krak. Kimya. Halafu krak tena. Nikamwuliza. Akasema, "Cheni inaruka tu, Mjomba. Ikiruka mguu unakwenda bure, halafu inashika." Aliyasema hayo huku anatafuna muwa. Mimi nikawaza kilima.

Hujasahau kilima cha darajani. Barabara inateremka mpaka kwenye daraja lile jembamba, halafu inapanda upande wa pili kwenda shule, na msimu kama huu malori ya korosho hayakatiki. Kushoto mtaro, kulia malori. Mtu ambaye mguu wake unakwenda bure pale katikati ya kilima anaangukia wapi? Nikamwamuru akifika pale ashuke, aikokote. Akawa anaikokota, na wenzake wanamcheka, lakini anaikokota. Ungeniuliza kwa nini asipande bodaboda. Hao nawaogopa kuliko malori, na sababu zake unazijua, na wewe ulikuwa msichana.

Na mila yetu unaijua. Huku mtoto akipata jambo, watu hawaulizi baba yake yuko wapi, wanauliza mjomba alikuwa wapi. Siku Zulfa anatolewa unyagoni ni mimi niliyesimama mbele za watu nikasema huyu yuko mikononi mwangu. Moza anasema tangu siku ile ninaogopa kwa niaba ya watu wawili, mimi na wewe. Nasema anakosea. Naogopa na kwa niaba ya Zulfa, maana yeye haogopi kitu.

Basi nikaipeleka kwa Saturnini, fundi wetu wa pale njia panda, yule yule aliyekuwa anatutengenezea tangu enzi za baba. Akaitazama, akavuta cheni kwa kidole, akasema imelegea. Kwenye Phoenix cheni ikilegea unalivuta gurudumu nyuma kidogo, unakaza nati, umemaliza. Hii gurudumu lake halivutiki nyuma. Saturnini akafikiri, akachukua nyundo na msumari, akakata pingili kuifupisha. Ikakaza. Tukashukuru, tukaagana vizuri.

Ikawa mbaya zaidi. Kuna kimkono kinachoning'inia chini ya gia za nyuma, sasa kikawa kimevutwa mbele mpaka kinasikitisha kukitazama, na ule mlio haukuondoka, umepata na mwenzake, kitu kinagonga gonga ndani. Nikaipindua baiskeli matairi juu. Nikashika gurudumu nikalitikisa, limetulia. Nikashika yale meno ya nyuma, vile visahani vilivyopangwa kikubwa hadi kidogo, nikavitikisa. Vikacheza! Vyote kwa pamoja, kama jino la mtoto linalotaka kutoka.

Nilikwenda mbio kwa Saturnini kana kwamba nimeokota dhahabu. Tukakubaliana pale pale, tena kwa furaha, kwamba friwili, yaani hayo meno ya nyuma, imelegea. Na friwili iliyolegea dawa yake huku nani asiyeijua? Friwili ya Phoenix imezungushwa kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, kama kifuniko cha chupa, na jinsi unavyokanyaga ndivyo inavyozidi kujizungusha na kukaza. Baba alikuwa anasema, ikilegea itafutie kilima. Unakumbuka alivyokuwa amesimama kwenye pedeli, wewe umekaa kwenye keria na mimi nakimbia nyuma, anahema na kutuambia, "Sikilizeni, sasa inajikaza"? Na ilikuwa inajikaza kweli.

Kwa hiyo nikamwita Zulfa. Nikamwambia, "Kesho kilima cha darajani usishuke kukokota. Simama kwenye pedeli, kanyaga kwa nguvu zako zote. Itajikaza yenyewe." Ashura, mimi ndiye mwoga wa kijiji hiki, hata watoto wanajua. Siku niliyoacha kuogopa ndiyo siku niliyomwambia mwanao maneno hayo.

Alifanya kama nilivyomwambia. Alisimama, akakanyaga. Yale meno yakayumba, cheni ikapanda juu ya kile kisahani kikubwa ikaangukia upande wa ndani, kati ya meno na spoki, na gurudumu likakamata hapo hapo kama limetiwa gogo. Akaangukia kulia, upande wa barabara. Nyuma yake lilikuwa lori la korosho. Mungu ni mkubwa, lilikuwa limejaa, linapanda kwa kuguna, na dereva alikuwa ameshamwona anayumba. Akalisukumia mtaroni.

Mimi nilipata habari kwa mtu kupiga kelele kutoka barabarani, "Mzee Ramadhan, mpwa wako ameanguka darajani!" Nilikimbia na ndala moja. Njia nzima sikuomba kwa maneno, nilikuwa nasema jina lake tu. Nikamkuta amekaa kando ya barabara, dereva amempa maji, goti linatoka damu, na analia kwa sababu daftari lake la bailojia limeingia matope. Yule dereva alinisema, Ashura. Alinisema mpaka akachoka, na alipochoka nikamwambia endelea.

Baada ya hapo nilirudi peke yangu kutazama pale mahali. Alama ya tairi la lori ilikuwepo, na pale alipolala palikuwepo, mchanga umekwanguka. Nilipiga magoti, nikaweza kugusa huku na huku, mkono mmoja kwenye alama ya tairi na mwingine pale alipolala, bila kujinyoosha. Hicho ndicho nilichoshindwa kukwambia kwa simu.

Nikaifungia baiskeli stoo. Zulfa akawa anakwenda kwa miguu, anaondoka kabla ya adhana, anarudi amechoka, anasinzia na kitabu usoni. Hakulalamika, ila alikonda. Na mtihani wa kidato cha nne ni mwezi ujao. Siku moja akaniambia taratibu, "Mjomba, nitafeli kwa usingizi, si kwa ujinga." Nikaona sasa ninamwua kwa njia nyingine.

Nikaitoa stoo, nikaifunga juu ya pikapu inayopeleka mboga Ruangwa, nikaenda nayo. Pale sokoni Ruangwa kuna kijana anaitwa Bonifasi, anauza na kutengeneza baiskeli za mtumba za namna hii hii. Maneno mengi huyo, kama redio. Kitu cha kwanza aliuliza nani kaikata cheni. Nikasema jini. Akasema jini huyo ana msumari mzuri.

Akalala chini, akashika yale meno akayatikisa kama nilivyoyatikisa mimi. Akaizungusha pedeli kwa mkono kunionyesha cheni ilivyokuwa inapanda ukingoni na kuruka. Nikamweleza habari ya kilima na kujikaza. Hakucheka, na nilimshukuru kwa hilo. Akaniambia, "Mzee, haya meno hayakuzungushwa kwenye habu. Yamevishwa tu, kama bangili." Akanionyesha: habu ina mifereji, visahani vinateleza kuingia kimoja baada ya kingine, na nje yake kuna pete moja ndogo inayobana vyote. Pete hiyo ikilegea, meno yanacheza, cheni haijui ikae wapi. "Hii hata uikanyage kilima mpaka uifikie mbingu, haijikazi. Hii inakazwa na mkono wa mtu."

Pete yenyewe aliizungusha kwa kidole, Ashura, kwa kidole kimoja, ikatoka. Na nyuma ya visahani palitakiwa pawe na washa, kibati chembamba cha kujazia nafasi. Hakikuwepo. Kilipotelea wapi, kwa nani, hatutajua. Akaweka kingine, akavisha meno upya, akakaza pete kwa ufunguo wake maalumu wenye meno, akafunga cheni ndefu inayostahili na kukinyoosha kile kimkono. Nikatikisa. Hakuna kilichocheza. Nikamwomba akaze tena mbele ya macho yangu. Akakaza. Nikamwomba tena. Akasema, "Mzee, sasa unataka niape?" Nikasema ndiyo. Akaapa kwa Bikira Maria, na mimi nikapokea hivyo hivyo.

Saturnini nilimweleza yote niliporudi. Akasema hata yeye angemwambia mwanawe vile vile. Tulikunywa chai yetu, hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Jana nikaijaribu mwenyewe. Usinicheke. Ile baiskeli inamlaza mtu mbele kama anatafuta sindano iliyodondoka, na kofia yangu ilitaka kuniacha mara kadhaa. Watu waliokuwa wanatoka kanisani walisimama kando kunipisha, wengine wakanipigia makofi. Nikateremka darajani huku nasoma kila dua ninayoijua, nikaanza kupanda, na nilipofika pale pale nilipopiga magoti nikasimama kwenye pedeli, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Nilitaka kama ni kuruka iruke na mimi. Haikuruka. Nikarudi chini nikapanda tena, na tena, mpaka magoti yakagoma, nikaikokota hadi nyumbani.

Sasa ungedhani hofu imekwisha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Asubuhi ya leo niliamka nikiwa nimeshaamua kwamba haendi nayo. Zulfa akatoka na begi lake, akaniangalia usoni, akasema, "Mjomba, ukisema nisiipande, siipandi." Angebishana ningemkatalia. Alivyosema vile, nikaona ametii kama siku ile alivyotii. Nikashindwa. Nikashika yale meno nikayatikisa mara ya mwisho, nikamwambia nenda. Moza akacheka, mimi nikamwambia kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Akasema basi leo nyumba hii itacheka mpaka jioni.

Hapa nimeacha kalamu kidogo. Kuna mtu alipiga hodi kwa nguvu. Nilitoka nikiwa tayari nimeshashika kofia ya kukimbilia. Alikuwa Tabitha, jirani. Kabla hajasalimia nikamwuliza, "Yuko hai?" Akaniuliza nani? Alikuja kuazima ungo. Nimempa ungo, nimempa na kinu ambacho hakukiomba, ili aondoke.

Sasa jua limeshageuka, na shule wametoka. Kila kinachopita barabarani nakitambua kwa mlio. Imepita Phoenix ya mwalimu, ile inayogonga kava la cheni. Imepita pikipiki. Limeteremka lori, nimelisikia likipunguza gia kabla ya daraja, halafu kimya kirefu, halafu likaunguruma tena kupanda. Katika kile kimya sikuandika kitu.

Namsikiliza yeye. Krak ile naijua kuliko sauti ya mke wangu, na bado siisikii. Nimejiambia labda wamebakishwa kwa masomo ya ziada. Nimejiambia labda pancha. Nimejiambia na mengine ambayo siyaandiki.

Acha nimalize salamu, maana barua hii dereva wa basi anaipitia kesho. Mama anakusalimu sana, anasema ukija umletee khanga yenye maneno mazuri, si kama ile ya mwaka juzi. Wifi yako Moza anakusalimu na kukuambia kaka yako hana kiuno kinachouma. Saturnini anakupa pole na salamu. Tabitha naye anakusalimu, hajui tu. Wasalimie wote huko, na yule mama mwenye nyumba anayekupikia ukichelewa kazini, mwambie ndugu zako tunamwombea.

Salamu zimekwisha na Zulfa bado.

Ashura.

Kuna mtu amecheka nyuma ya sikio langu. Nimeruka mpaka kalamu imeanguka, ndiyo maana unaona mstari huo juu ya jina lako. Amesimama hapa na kikombe cha chai, viatu ameshavua, nguo ya shule ameshabadili. Nimemwuliza umefika saa ngapi. Anasema, "Zamani, Mjomba. Nimepita hapa nyuma yako na baiskeli, nikasalimia, hukuitikia. Ulikuwa unasikiliza barabara." Nimekwenda kuiona. Imeegemea ukuta wa jikoni, vumbi la kilima liko kwenye matairi. Nimeyatikisa yale meno. Yametulia.

Nimelia kidogo, naliandika hilo kwa sababu Zulfa anasoma kila neno na atakwambia. Anataka nipakate pale niliposema amekonda. Sipakati.

Kilima amekipanda amesimama kwenye pedeli, anasema, na malori mawili nyuma yake, na cheni haikusema kitu. Kesho anakwenda tena, na keshokutwa, mpaka mtihani uishe. Nimemwomba jambo moja tu, akanikubalia bila kunicheka: akifika kwenye mkorosho wa baba apige kengele, maana baiskeli iliyopona hainipi habari tena.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya ya kuwahudumia wanaokuhitaji, na atukutanishe tukiwa na viungo vyetu vyote. Mwanao yuko mikononi mwangu.

Mimi kaka yako akupendaye, na mwoga wako daima,

Ramadhan